Mnyama wa Ugiriki Katika Msitu wa Beni

Mwaka 1900, katika ngome ya Mbeni iliyokuwa karibu na Mto Semliki, askari wenyeji wa Dola Huru ya Kongo walikuwa wakijifunga mikanda ya ngozi yenye milia myeupe na myeusi. Punda milia hakai msituni, na ngozi ile ilitoka msituni. Pale ngomeni hakuna aliyeshangaa. Wambuti waliomtega yule mnyama kwa mashimo walimjua kwa jina, majirani zao waliolima kandokando ya msitu walimjua, na maofisa wa Kibelgiji walikuwa wamekwisha kuizoea ngozi yake kama tunavyoizoea ya ng'ombe. Wasiomjua walikuwa London na Paris, katika nyumba za makumbusho ambako wanyama wa dunia nzima walikuwa wamepangwa kabatini kila mmoja na jina lake la Kilatini au la Kigiriki. Mbeni ya siku zile ndiyo iliyoipa Beni ya leo jina lake. Kutoka kwenye ile mikanda, mnyama mmoja alipitishwa katika majina matatu kwa muda usiozidi mwaka na nusu: kwanza akaitwa farasi, kisha akakaribia kuitwa mnyama wa Ugiriki, na mwisho akarudishiwa jina lake la msituni, okapi. Safari hiyo ya majina inafundisha jinsi ya kusoma majina yote ya kitaalamu yanayozunguka maisha ya watu wa Beni na Butembo, kuanzia kiboko wa Ishango mpaka kakao ya Mutwanga.

Yanahitaji kusomwa, maana kwa wengi yamebaki kama hirizi: yanabebwa, hayafunguliwi. Mwanafunzi hukariri Hippopotamus, Phytophthora, Theobroma, akayaandika bila kosa siku ya mtihani, na mwalimu akaweka alama. Nyuma ya kukariri huko kuna imani kwamba jina la Kigiriki ni muhuri wa ukweli, kwamba kitu kikishapewa jina hilo basi kimejulikana. Historia haiungi mkono imani hiyo. Mzizi wa Kigiriki peke yake hausemi kweli wala uongo. Unachotunza ni mahali macho ya mtoa jina yalipokuwa yakitazama siku alipolitoa. Alipokitazama kitu chenyewe, au akamsikiliza aliyekwisha kukitazama, jina lilifumbua. Alipotazama rafu yake ya vitabu, jina lilifumba, na likabaki limefumba hivyo kwa karne nzima na zaidi.

Turudi kwa okapi, maana ushahidi wake ni mnono. Henry Morton Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1890 kuhusu safari ya kuvuka msitu wa Ituri, aliandika maneno machache tu kwamba Wambuti wanamjua punda fulani wa msituni ambaye mara nyingine hunaswa kwenye mashimo na ambaye chakula chake ni majani. Neno punda ndilo lililoshika. Harry Johnston, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Uingereza nchini Uganda, alikuwa amelisoma. Mwaka 1900 alipata nafasi ya kulifuatilia: Mjerumani mmoja alikuwa amewachukua Wambuti kadhaa kwa nia ya kwenda kuwaonyesha kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Johnston akawatoa mikononi mwake na kuwasindikiza kurudi kwao Kongo. Njiani aliwauliza habari za huyo punda, nao wakamweleza vizuri kabisa, pamoja na jina ambalo yeye aliliandika okapi, akieleza kwamba ile k katikati yake husikika kama pumzi iliyokatwa tu. Alipofika Mbeni aliona mikanda. Akaingia msituni na wenyeji, nao wakamwonyesha nyayo. Nyayo zile zilikuwa za kwato iliyopasuka pande mbili. Johnston alitaka nyayo za mnyama wa jamii ya farasi, yaani kwato moja ya mviringo, kwa hiyo hakuwaamini. Alidhani wanamwonyesha nyayo za pofu au mnyama mwingine wa namna hiyo, akaacha kuzifuata.

Tukio hilo nalipima kuwa kiini cha habari nzima, ingawa wasimulizi wengi hulipita mbio. Ukweli ulikuwa ardhini, kwenye tope, umeonyeshwa kwa kidole na watu waliokuwa na ujuzi wa vizazi, na ukakataliwa kwa sababu ya neno lililosomwa kitabuni miaka 10 kabla. Johnston hakuwa mjinga wala mtu wa dharau kuliko wenzake. Baadaye yeye mwenyewe aliyaandika haya yote bila kuficha, na ndiyo maana tunayajua. Lakini alipotuma vipande vya mikanda London, kosa lilisafiri navyo. Philip Sclater, katibu wa Jumuiya ya Zuolojia ya London, alipewa milia na habari za punda, akafanya alichoweza: mnyama akaandikishwa Equus johnstoni, yaani farasi wa Johnston, na kwa uangalifu Sclater akaweka alama ya kuuliza baada ya neno Equus. Alama hiyo ya kuuliza ni ya heshima. Inaonyesha mtu aliyejua kwamba vipande viwili vitatu vya ngozi ya paja si mnyama mzima.

Kisha Karl Eriksson, Msweden aliyekuwa mkuu wa ngome ya Mbeni, akampelekea Johnston ngozi kamili na mafuvu mawili. Sasa kwato zilionekana, nazo zilikuwa zimepasuka pande mbili, kama zile nyayo. Johnston aliona mara moja kwamba huyu si farasi bali ndugu wa twiga. Hata hivyo hakurudi kwa Wambuti kutafuta jina. Alirudi kwenye vitabu. Katikati ya karne ya 19 Mfaransa Albert Gaudry alikuwa amechimba visukuku huko Pikermi, karibu na Athens, na miongoni mwa mifupa aliyoipata ilikuwemo ya mnyama mkubwa wa jamii ya twiga asiye na shingo ndefu sana. Mnyama huyo akaitwa Helladotherium, kutokana na Hellas, jina la Wagiriki kwa nchi yao, na therion, yaani mnyama wa mwituni. Johnston aliamini kwamba Mbeni imempatia Helladotherium aliye hai, akapendekeza aitwe Helladotherium tigrinum: mnyama wa Ugiriki mwenye milia kama chui milia wa Asia. Hebu tulitafakari jina hilo kidogo. Mnyama ambaye hajawahi kukanyaga nje ya misitu ya Kongo na mipaka yake angebeba jina la nchi ambayo hakuna okapi aliyewahi kuishi humo, na milia ya mnyama ambaye hayupo kabisa Afrika. Kila silabi ya jina ilikuwa sahihi kisarufi. Hakuna hata moja iliyomhusu.

Aliyeliokoa jina alikuwa Ray Lankester, mkurugenzi wa makumbusho ya viumbe ya London. Mwaka 1901 aliyaweka mafuvu yale mezani akayapima. Aliona chonge la taya la chini lililogawanyika, alama ambayo jamii ya twiga haishirikiani na mnyama mwingine yeyote anayecheua, na aliona pia tofauti kati ya mafuvu hayo na mifupa ya Pikermi. Akahitimisha kwamba huyu ni jenasi peke yake. Jenasi mpya ilidai jina jipya, na Lankester, ambaye Kigiriki kilikuwa sehemu ya malezi yake ya shule, angeweza kuunda neno la fahari kwa dakika moja. Badala yake alichukua neno la msituni na kuliongeza herufi moja ya mwisho: Okapia. Mtu aliyekitazama kitu chenyewe kwa makini kuliko wote ndiye aliyeona hakuna haja ya Kigiriki. Sidhani ni bahati tu. Mifupa ilipokwisha kumwambia kwamba vitabu vya Ulaya havina mnyama huyu, ilibaki kuwauliza waliokuwa naye.

Ukishalijua hilo, majina mengine yanaanza kusomeka. Wavuvi wa Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, wanapakana kila siku na kiboko, ambaye kitaalamu ni Hippopotamus amphibius. Hippos ni farasi, potamos ni mto, amphi ni pande zote mbili na bios ni maisha: farasi wa mtoni mwenye maisha ya pande mbili. Sehemu ya pili ni kweli tupu, kila mvuvi ataithibitisha, kwa sababu kiboko hushinda majini na hulisha nchi kavu usiku. Sehemu ya kwanza ilitoka kwa Wagiriki wa kale, na Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alimpa mnyama huyo hata manyoya ya shingoni kama ya farasi. Kiboko hana manyoya shingoni. Yaelekea Herodotus aliyaandika kwa sababu jina lilikwisha kusema farasi, na farasi ana manyoya. Johnston alizikataa nyayo kwa sababu ileile. Twiga mwenyewe, Giraffa camelopardalis, amebebeshwa ngamia na chui kwa pamoja. Na sokwe, ambaye Wakongo wengi humwita sokomutu, ameandikishwa Pan troglodytes: wa kwanza ni Pan, mungu wa porini wa Wagiriki, na troglodytes ni mkaaji wa mapangoni. Sokwe wa misitu yetu hulala juu ya mti, katika kitanda cha matawi anachokisuka upya karibu kila jioni. Waliompa hilo jina la pangoni katika karne ya 18 hawakuwahi kumwona akilala.

Hapa msomaji makini atanishika shati. Je, Kiswahili hakifanyi vivyo hivyo? Punda milia ni nini kama si punda aliyechorwa mistari? Pingizo hilo ni la haki na nalikubali lote. Kumwita mgeni kwa jina la unayemjua ni tabia ya wanadamu wote. Wagiriki walifanya hivyo na sisi tunafanya hivyo. Lakini pingizo hilo lenyewe linaivunja imani ya muhuri wa ukweli, kwa kuwa linamweka mtaalamu wa London na baba zetu wa pwani kwenye benchi moja: wote walimtazama mnyama mpya kupitia mnyama wa zamani. Tofauti ni kwamba Mswahili anaposema punda milia anasikia punda na anasikia milia, kwa hiyo anaweza kulihukumu jina. Mwanafunzi wa Oicha anaposema Hippopotamus hasikii farasi wala mto. Amenyimwa nafasi ya kuhukumu.

Lipo pingizo la pili, nalo lina nguvu zaidi, maana ni la wataalamu wenyewe. Wao husema jina la kitaalamu ni namba tu iliyovaa herufi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtafiti wa Kisangani na wa Tokyo wanazungumzia kiumbe kilekile. Maana yake haihusiki. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinakubaliana nao: jina halifutwi kwa sababu halimfai mwenye jina, na linaweza kutoka katika lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Kwa mtu anayepanga kabati, hoja hiyo inatosha. Haimtoshi mtu anayejifunza. Namba haina njia ya kukumbukwa, neno lina njia, na njia yake ni maana. Zaidi ya hapo, kuna majina ya Kigiriki ambayo ukiyafungua yanakupa kazi ya kufanya shambani, na mkulima anaponyimwa maana yake anapoteza zaidi ya alama za mtihani.

Hakuna mahali ambapo jambo hili liko wazi kama kwenye kahawa. Milima ya Butembo na Lubero ina arabika. Mabonde ya joto ya Beni yalikuwa ya robusta, na robusta hiyo ilijenga nyumba na kusomesha watoto. Halafu ukaja ugonjwa ambao wakulima wenyewe walilijua jina lake la Kifaransa, na wakalitamka kwa Kiswahili: trakeomikozi. Ulijulikana kwa mara ya kwanza Oubangui-Chari, Jamhuri ya Afrika ya Kati ya leo, mwaka 1927. Mwaka 1948 Mbelgiji Steyaert, aliyekuwa akifanya kazi Kongo, aliieleza kuvu inayousababisha, ambayo leo huitwa Fusarium xylarioides. Ukatulia baada ya mashamba kung'olewa na kupandwa mibuni iliyovumilia, kisha kuanzia miaka ya 1970 ukaibuka tena upande wa Isiro, ukashuka hadi Beni, na mwaka 1993 ukaonekana Uganda. Aliyewahi kusimama mbele ya mbuni uliopatwa anajua sura yake. Majani yanakuwa ya manjano na kupukutika, mara nyingi upande mmoja kwanza, huku matunda yakibaki yamekauka matawini. Hakuna mdudu anayeonekana, hakuna jani lililotobolewa. Mti unakufa umesimama. Ukichukua panga ukakwangua gome karibu na ardhi, mti wa ndani una michirizi ya rangi nyeusi iliyochanganyika na buluu.

Sasa lifungue jina. Trakeomikozi ina trakeia, mrija. Ina mykes, uyoga au kuvu. Na mwisho ina osis, hali ya kuugua. Ugonjwa wa kuvu ndani ya mirija. Jina limekwisha kueleza kwa nini kupuliza dawa majanini hakusaidii, kwa nini mti unanyauka kama umekosa maji wakati ardhi ina unyevu, na kwa nini panga lililokata mbuni mgonjwa halifai kukata mzima kabla ya kusafishwa: adui yumo ndani ya njia za maji, ameziziba. Aliyeunda jina hili aliukata mti akatazama ndani. Hata sehemu ya xylarioides inaanza na xylon, neno la Kigiriki la mti au ubao. Hii ndiyo Helladotherium iliyogeuzwa nje ndani. Lugha ni ileile, mizizi ni ya Ugiriki uleule, lakini safari hii macho yalikuwa mahali pake.

Na bado, hata ndani ya jina hili zuri kuna kosa la kale limelala, nami nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi majina yanavyotunza historia. Trakeia kwa Kigiriki maana yake ni yenye mikwaruzo. Waganga wa Ugiriki waliliita koromeo la hewa mshipa wenye mikwaruzo, kwa sababu ya pete zake ngumu, na waliamini kwamba mishipa mingine nayo hubeba hewa, maana katika maiti waliikuta mitupu. Mwishoni mwa karne ya 17 Mwitalia Marcello Malpighi alipoitazama mimea kwa hadubini aliona mirija yenye nyuzi zilizozungushwa, akaifananisha na njia za pumzi za wadudu, akaiita trakeia akidhani inapitisha hewa. Inapitisha maji. Neno likasafiri kutoka kwenye ukwaruzo kwenda kwenye koo la mtu, kutoka kooni kwenda kwa mdudu, na kutoka kwa mdudu kwenda kwenye mbuni wa Beni. Kwa hiyo sisemi kwamba jina linalofumbua halina doa. Nasema doa lake linaweza kusomwa, nalo likisomwa linafundisha.

Majina mengine ya shambani nayapitia haraka. Phytophthora, adui anayeyaozesha matunda ya kakao yakawa meusi, ni phyton, mmea, na phthora, uharibifu. Mjerumani Anton de Bary alilitoa mwaka 1876 akiwa amekishika kiumbe kilichoangamiza viazi Ulaya, na halikupungukiwa kitu. Xanthomonas, bakteria inayonyausha migomba na ambayo Kivu ya Kaskazini imeishi nayo tangu mwanzoni mwa karne hii, ni xanthos, manjano, na monas, kimoja. Mkulima akikata shina la mgomba mgonjwa na kusubiri kidogo, anaona ute wa manjano ukitoka kwenye mkato. Mtaalamu aliona manjano kwenye kisahani chake, mkulima anaiona kwenye panga lake. Wameliona jambo moja, na jina lingeweza kuwakutanisha kama mkulima angeambiwa linasema nini.

Theobroma cacao linastahili kusimamiwa zaidi. Robusta ilipokufa, Beni iligeukia kakao, na leo kakao ndiyo inayosikika katika depo za Mutwanga, Mangina na Oicha. Mwanabotania Carl Linnaeus alilitoa jina hilo mwaka 1753: theos, mungu, na broma, chakula. Chakula cha miungu. Alikuwa akikitazama kinywaji katika kikombe cha tajiri wa Ulaya, wala hakuwa akiutazama mti. Asiyejua lingine angedhani mti huu huzaa peremende. Kazi yenyewe ni kupasua tunda kwa uangalifu ili panga lisijeruhi mbegu, kuzitoa mbegu na ute wake mweupe, kuzifunika kwa majani ya mgomba mpaka zichachuke na kutoa joto, kisha kuzianika siku kadhaa kwenye turubai ukizigeuza na kuzikimbiza zisipatwe na mvua. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika vijiji vya Beni yamewafanya wengi waifanye kazi hiyo wakisikiliza kila mlio wa kichakani, na wapo waliokufa wakiwa shambani msimu wa kuvuna. Jina la Linnaeus halimwoni mtu huyo. Lakini nusu ya pili ya jina, cacao, ni neno la wenyeji wa Amerika ya Kati waliolima mti huu tangu zamani sana. Kigiriki kimesimama mbele, waliolima wamesimama nyuma. Kwa okapi mambo yamegeuka: mbele ni neno la msituni, nyuma ni Johnston.

Na hapo ndipo pingizo la mwisho linapoingia. Wapo watakaosema: okapi hakushinda chochote, maana bado anaitwa johnstoni, jina la mtu ambaye hakumwona akiwa hai msituni na aliyezikataa nyayo zake. Ni kweli, na mimi sipendi. Lakini kanuni ya kutangulia inamlinda Sclater, aliyelitoa neno hilo kwanza, na kulibadilisha kungevuruga kumbukumbu za zaidi ya miaka 120. Wengine watasema kinyume chake: heri Kigiriki, maana si cha kabila lolote la Kongo, hakitaleta ugomvi wa jina la nani lishike, la Walese au la Wambuti, la Wanande au la Wambuba. Naelewa hofu hiyo katika eneo ambalo majina yamewahi kuchochea damu. Ila elimu yenyewe haikungoja upande wowote. Homa iliyozuka Yambuku mwaka 1976 ilipewa jina la mto, Ebola, ili kijiji kisibaki na aibu, na jina hilo la mto linatokana na Legbala la Wangbandi. Homa hiyo ilitangazwa Beni tarehe 1 Agosti 2018, ikaingia Butembo na Katwa, ikaisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufariki. Mwaka 2023 wataalamu waliandikisha spishi ya kirusi hicho kwa jina Orthoebolavirus zairense. Orthos ni Kigiriki: nyoofu, sahihi. Kinachofuata ni mto wa Wangbandi. Na Zaire, jina ambalo nchi iliacha kulitumia mwaka 1997, ni neno la Kikongo nzadi, mto mkubwa, lilivyosikika masikioni mwa Wareno. Jina moja la kitaalamu, mito miwili ya Kongo, na kipande kidogo cha Kigiriki mlangoni. Anayedai kwamba majina ya elimu hayana kwao hajalifungua hili.

Kwa hiyo siombi Kigiriki kifutwe. Ninachoomba ni kwamba mwalimu wa Butembo, awe wa shule ya msingi au wa kilimo katika Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, asiliandike jina la kitaalamu ubaoni bila kuandika pembeni yake mambo mawili: mizizi yake inasema nini, na aliyelitoa alikuwa akitazama nini. Dakika tano zinatosha. Shule zetu zina sehemu ya Latin-Philo, yaani ya Kilatini na falsafa, kwa hiyo ujuzi huo haujatupotea. Umekaa chumba cha pili, mbali na kahawa na kakao. Na pale ambapo mtafiti mpya anakusanya vyura au mimea katika miteremko ya Rwenzori, aulize jina kabla ya kuunda jina, kisha aliandike pamoja na kijiji alikolisikia, ili Lankester wa kesho awe na cha kuchukua.

Jina okapi sasa linasikika kila asubuhi katika nyumba nyingi za Beni na Butembo, kwa sababu ya Radio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002. Mnyama mwenyewe alikuwa amekwisha kuhesabiwa kuwa ametoweka katika Hifadhi ya Virunga, ambako hakuna aliyethibitisha kuwapo kwake kwa miongo kadhaa. Mwaka 2006 timu iliyoingia sehemu ya kaskazini ya hifadhi hiyo, upande wa Semliki, ilikuta nyayo za kwato iliyopasuka pande mbili. Safari hii ziliaminiwa. Mwaka 2008 kamera zilizofungwa mitini zikampiga picha, na walioitangaza picha hiyo duniani walikuwa Jumuiya ya Zuolojia ya London, ileile iliyomwandikisha farasi mwaka 1901.